Folda Nne na Kaye Moja

Sheng nilibeba Kayole, lakini kwetu ni Fizi, na saa hii niko Baraka najifunza kuandika programu bila mwalimu. Wasee, kitu ilikuwa inaniangusha haikuwa akili. Ilikuwa vile simu imejaa ovyo. Huku mega ni ganji, na moto ya sola inakata ukiwa ndani ya somo. Basi ukipata mega unavuta kila kitu: vitabu, video, masomo ya freeCodeCamp. Memori kadi inajaa, kichwa inabaki tupu. Siku moja kwa kibanda ya kuchaji nilihesabu vitabu kumi na moja za Python. Hakuna hata moja nilikuwa nimefika sura ya tatu. Iliniuma sana.

Ndagala ndio ilinitoa hapo. Tantini yangu anauza ndagala, anakopesha mabeseni mpaka Fizi huko milimani, na daftari ya madeni inalowa kila wiki. Nikamwambia, "Tantini, nitakuandikia programu." Tangu hiyo siku, kitu inakaa kwa simu ikiwa tu inasaidia deni ya tantini.

Nikapanga folda nne. "Nasoma sasa" inabeba kitu moja, sio mbili. "Baadaye" na "Imeisha" zinajieleza. Roho iko kwa "Nikikwama". Humo niko na maelezo rasmi ya Python, yenye inatolewa bure, unavuta mara moja unakaa nayo. Niko pia na Kiwix, inafungua Wikipedia bila rezo. Ukivuta faili ya Wikipedia chagua ndogo, juu zile kubwa ni magiga mob. Programu yenyewe naandikia kwa Pydroid 3, hapo hapo kwa simu, bila intaneti.

Halafu kaye, yaani daftari ya kuandikia. Mbogi inaniuliza kaye ya nini na simu iko. Simu inazima, maze. Usiku moja programu iligoma masaa mawili. Nilipita kila mstari na kidole mpaka nikapata: mistari zingine zote za ndani zilianza baada ya nafasi nne, moja ilianza baada ya tatu. Kwa Python, hiyo nafasi ya mwanzo ndio inaonyesha mstari ni ya kikundi gani. Nikaandika kwa kaye: "Ikilia nafasi, hesabu mwanzo wa mstari." Tarehe kando. Kurasa za nyuma nimeweka orodha, kila kosa na namba ya ukurasa yake, na imeniokoa kuliko video zote.

Juzi tantini aliona mteja wa kwanza kwa skrini: jina, mabeseni mawili, hajalipa. Alisoma polepole, akafuta kioo na kitenge, akasoma tena. Akauliza, "Na mwenye amelipa nusu, itamuonyesha?"

Hiyo bado siijui. Nimetoa kitabu yenye ilikuwa kwa "Nasoma sasa", nikaweka sura ya hesabu ya malipo.