Mafuta ya Breki: Jina Linaloweza Kutia Hasara

Istilahi isiyoafiki kitu chake huweza kumtia mtu hasara ya fedha. Mfano mmoja wahusu pikipiki za abiria zinazotengenezwa Maili Moja, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, na popote penye bodaboda. Istilahi yenyewe ni mafuta ya breki. Imezoeleka katika gereji, madukani na katika tafsiri za vitabu vya maelekezo. Hata hivyo, yafaa ichunguzwe.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Breki za pikipiki ni za aina mbili. Katika breki za ngoma, waya au fito huzungusha kamu, nayo hutanua viatu viwili ndani ya ngoma ya gurudumu; msuguano hulisimamisha gurudumu. Breki za diski hutumia shinikizo la kiowevu. Dereva abanapo mkono wa breki, pistoni ndogo ya masta silinda husukuma kiowevu kilichomo katika hozi. Shinikizo hilo hufika katika kalipa bila kupungua, kwa kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na pistoni ya kalipa huzibana pedi juu ya diski. Kwa kuwa pistoni hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza, kani ya vidole hukuzwa mara kadhaa.

Kiowevu hicho si mafuta. Kinachotumika katika pikipiki nyingi za aina hii, chenye alama ya DOT 3 au DOT 4, hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli. Sili za mpira zilizomo katika masta silinda na kalipa huchaguliwa ili zistahimili kemikali hizo. Hazistahimili mafuta yatokanayo na petroli. Basi mtu akilichukua neno mafuta kwa maana yake ya kawaida, akatia oili ya injini, sili huvimba, pistoni hukwama au kiowevu huvuja, na breki hushindwa. Hapo kumwaga na kujaza upya hakutoshi: sili zote zilizoguswa hubadilishwa, na mara nyingi hozi na masta silinda pia. Kosa la chupa moja huzaa gharama ya mfumo mzima. Nalo likijitokeza mteremkoni, gharama yaweza kuwa uhai.

Jina hilo huficha jambo la pili. Mafuta hayachanganyiki na maji. Kila mpishi alijua hilo. Kiowevu cha breki, kinyume chake, hufyonza unyevu wa hewa. DOT 4 kikiwa kipya hutakiwa kisichemke chini ya nyuzi za Selsiasi 230; kikishafyonza maji, kiwango cha chini kinachokubaliwa ni nyuzi 155. Kikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Mkono wa breki huwa laini, chombo kisisimame. Ndiyo sababu kiowevu hubadilishwa kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, hata kama hakijavuja. Mteja asiyejua hayo hudhani fundi anamwibia.

Kwa hiyo twapendekeza kiowevu cha breki. Neno kiowevu limekwisha kuzoeleka katika masomo ya sayansi, wala halidai kuwa kitu hicho ni mafuta. Hatukusudii kuwakataza mafundi lugha yao. Mfasiri na aandike kiowevu cha breki, ataje mara moja kwamba ndicho kiitwacho mafuta ya breki, kisha aongeze onyo: kisitiwe oili.

Kadhalika, karani anayeandika hati ya malipo asitosheke na maneno kutengeneza breki. Kukaza waya, kubadili pedi, kutoa upepo, kubadili sili na kubadili masta silinda ni kazi tano zenye bei mbalimbali. Zikitajwa moja moja, mlipaji hujua anacholipia, na fundi mwaminifu hupata ushahidi wa kazi yake.