Je, Wajua? Sufuria Iliyovikwa Kioo

Kinachong'aa kwenye sufuria nzito za Le Creuset si rangi ya kupaka bali ni kioo. Kioo kilichosagwa hunyunyizwa juu ya chuma cha kusubu, kisha huchomwa tanurini kwa nyuzijoto 800 hivi za Selsiasi mpaka kishikamane nacho. Kiwanda cha Le Creuset kilianzishwa mwaka 1925 huko Fresnoy-le-Grand, Ufaransa, na Wabelgiji wawili, Armand Desaegher na Octave Aubecq.

Mpishi huona faida ya kioo hicho akipika mchuzi wa ukwaju. Kwenye chuma kitupu, ukali wa ukwaju hula chuma. Mchuzi huwa mweusi na kupata ladha ya chuma. Kioo huzuia hayo, ila sufuria ya moto ikimwagiwa maji baridi, kioo chake huweza kupata nyufa.