Bata Mzinga Mmoja kwa Wageni Hamsini

Miongoni mwa mambo yanayomtia mama wa nyumbani wasiwasi mkubwa ni kuambiwa kwamba Jumamosi watakuja wageni hamsini. Iwe ni ubatizo wa mtoto, iwe ni siku ya kupokea mahari, au iwe ni matanga ambayo hayakungoja mtu ajiandae, swali la kwanza huwa ni lile lile: tutawalisha nini? Na katika mitaa ya Kakoba mjini Mbarara, kama ilivyo katika vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, swali hilo hufuatwa upesi na jingine ambalo wengi huona haya kulisema kwa sauti, nalo ni hili: nyama itatoka wapi?

Desturi ya watu wa sehemu hizi ni kwamba mgeni akiondoka bila kuona nyama katika sahani yake, mwenyeji huona ameaibika. Kwa hiyo watu hukopa. Wako wanaochukua fedha katika chama cha kuweka na kukopa, wako wanaouza mbuzi wa uzazi, na wako wanaochukua vitu dukani kwa daftari. Wageni wakiisha kwenda zao, deni hubaki, na aghalabu hulipwa kwa kupunguza chakula cha watoto wa nyumba ile ile. Jambo hili lilikuwa zito tangu zamani, lakini limezidi uzito tangu Julai 1, 2023, pale Mpango wa Chakula Duniani ulipoanza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika mafungu kulingana na shida zao, wengine wakipata sehemu tu ya posho yao na wengine wakiachwa kabisa; na mwaka 2025 misaada ilipunguzwa tena. Wale wanaoishi mjini Kakoba, nje ya makazi, hawakuwa wakiitegemea posho hiyo tangu awali. Wao hula kile walichokitolea jasho sokoni na vibaruani.

Ukurasa wetu hauna nia ya kumwambia mtu awanyime wageni nyama. Tunalopendekeza ni kwamba nyama iache kuwa mzigo wa chungu, iwe kiungo chake. Maharage ndiyo yabebe shughuli, naye bata mzinga mmoja atoe supu, harufu na vipande vya kutosha kuonekana katika kila sahani.

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kusikia bata mzinga akitajwa katika mapishi ya gharama ndogo. Ni kweli kwamba bei yake sokoni si ya kuku, na inapokaribia Krismasi hupanda kuliko inavyostahili. Lakini bata mzinga dume aliyetunzwa vizuri akisafishwa hutoa kilo saba au zaidi za nyama pamoja na mifupa, yaani sawa na kuku wanne au watano wa kienyeji, na mfupa wake mzito hutoa supu ambayo kuku hawezi kuitoa. Anayefuga mwenyewe hufaidika zaidi, kwani ndege huyu hujitafutia majani na wadudu kwa sehemu kubwa ya siku. Mfugaji akumbuke tu kutomchanganya na kuku katika banda moja, kwa sababu kuku hubeba ugonjwa ambao wao huwasumbua kidogo tu, bali makinda wa bata mzinga huangamia kwao.

Hapa tungependa kutoka nje ya jiko kidogo. Ndege huyu, na maharage tutakayompikia, na nyanya, na pilipili, na hata mahindi ya ugali wetu, vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilivushwa bahari na Wareno na Wahispania kuanzia karne ya 16, na kila taifa likavipa majina ya kubahatisha. Sisi tuliita nafaka ile mahindi, kana kwamba imetoka Uhindini. Wafaransa nao wakamwita ndege huyu kwa jina lenye maana ya kuku wa Kihindi. Waingereza wakampachika jina la nchi ya Uturuki. Kwa Kiswahili tumemwita bata, naye si bata. Huko Texas, nchini Marekani, nyama iliyopikwa kwa pilipili nyingi ilifanywa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, na wenyewe hubishana mpaka leo kama ni halali kutiwa maharage. Sisi ubishi huo hautuhusu. Bila maharage hamsini hawatashiba.

Kwa watu hamsini, basi, chagua kilo tano za maharage makavu. Kwa wale wanaopima kwa kikombe cha plastiki cha nusu lita, hivyo ni vikombe kumi na viwili au kumi na vitatu vilivyojaa. Maharage makubwa yenye madoa mekundu, ambayo Waganda huyaita nambale, yanafaa sana kwa kuwa hutoa mchuzi mzito. Ya njano pia ni matamu. Jambo la kuepuka ni kuchanganya ya msimu huu na ya mwaka jana, maana mapya yatapondeka huku ya zamani yangali kama changarawe. Pamoja na hayo tafuta bata mzinga mmoja, vitunguu maji kilo mbili, nyanya zilizoiva kilo nne, karoti kilo moja, mafuta ya kupikia robo tatu za lita, vitunguu saumu vichwa vitano, tangawizi vidole viwili, bizari nyembamba vijiko vitatu vya mezani, pilipili hoho kumi, na pilipili mbuzi kumi na mbili. Chumvi iwe gramu 200 kwa kuanzia, kisha uonje. Unga wa mahindi vikombe viwili vya chai utatumika mwishoni. Sufuria iwe ya lita 40, au mbili za lita 20.

Kazi huanza jioni ya kuamkia shughuli. Chambua maharage kwa mwangaza wa kutosha, yaoshe, kisha yaloweke katika jerikeni moja ya maji, yaani lita 20, yakae usiku kucha. Wako akina mama wanaoona kuloweka ni usumbufu wa bure. Ukweli ni kwamba maharage yaliyolowekwa huiva karibu kwa nusu ya muda wa yale yasiyolowekwa, na nusu ya muda ni nusu ya kuni. Katika Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 na ambayo miti yake imekatwa kwa zaidi ya miaka sitini, nusu ya mzigo wa kuni ni safari moja ndefu ambayo binti wa nyumba hatakwenda. Maji ya kulowekea yamwagwe asubuhi, usiyapikie.

Jioni hiyo hiyo bata mzinga achinjwe. Ikiwa miongoni mwa wageni wako Waislamu, na Nakivale wako wengi, Wasomali wakiwa miongoni mwao, basi achinjwe na Mwislamu kwa namna ya dini yake, ili wote wale chungu kimoja. Kupika sufuria mbili kwa sababu ya uzembe wa dakika tano ni hasara. Mchovye katika maji ya moto yasiyochemka, kwani maji yanayotokota huchana ngozi, kisha mnyonyoe na kumsafisha. Ondoa nyama yote katika mifupa kwa kisu kikali, uikatekate juu ya ubao mpaka vipande viwe vidogo kama punje ya haragwe, au vikubwa kidogo. Hapa ndipo ilipo siri ya uchumi wa chakula hiki. Nyama ikikatwa vipande vikubwa, wageni ishirini wa kwanza watapata na waliobaki watakula mchuzi. Ikikatwa vidogo, kila upawa utachota nyama, na hapatakuwa na mtu wa kuchungulia sahani ya jirani. Paka nyama chumvi kidogo, ifunike, na uiweke mahali penye baridi kuliko pote nyumbani. Usipokuwa na jokofu, ikaange usiku huo huo mpaka iive kabisa, maana nyama mbichi ya ndege haistahimili joto la usiku.

Mifupa, shingo, miguu iliyokwisha kuchunwa na firigisi vitiwe katika sufuria pamoja na kitunguu kimoja, na vichemke polepole kwa saa mbili au tatu. Supu hiyo ndiyo itakayofanya kilo tano za maharage zipate ladha ya nyama. Ichuje, uichemshe tena asubuhi kabla ya kuitumia. Firigisi na nyama ya shingo vikatwekatwe, virudi chunguni. Ini wape watoto usiku huo huo, maana watakuwa wamekesha wakilinusa.

Asubuhi injika maharage kwa maji mapya. Na hapa tunaomba msomaji atusikilize kwa makini. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondolewa na mchemko mkali pekee. Yakipashwa moto mdogo tu bila kutokota, sumu ile haipungui, bali huweza kuzidi, na wageni wakatapika kabla ya saa tatu kupita. Kwa hiyo yatokote kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi. Sisi tunapendelea thelathini. Mtu asidanganyike na nyakati zilizoandikwa katika vitabu vya mapishi vya pwani. Mbarara umo katika nyanda za juu, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwa joto la digrii 95 badala ya 100, hivyo maharage hukawia zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mama aliyehamia Nakivale kutoka Bukavu hatashangazwa na jambo hili.

Baada ya mchemko huo mkali, mwenye shida ya kuni anaweza kutumia kikapu cha joto. Kikapu kikubwa hujazwa majani makavu ya migomba, ambayo wilaya ya Isingiro haijapata kuyakosa, sufuria yenye kifuniko cha kubana hutiwa katikati ikiwa ingali inatokota, kisha hufunikwa kwa mto wa majani au blanketi kuukuu. Maharage yataendelea kuiva yenyewe bila moto. Baada ya saa mbili au tatu yatoe, uyachemshe tena, na utakuta kazi iliyobaki ni ndogo. Wengine hutia magadi ili yalainike upesi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu sehemu ya vitamini iliyomo na huacha ladha ya sabuni. Aliyeloweka maharage yake hayahitaji.

Chumvi na nyanya zisitiwe mpaka maharage yawe laini kabisa, kwa sababu uchachu wa nyanya huyakaza maganda yakagoma kuiva. Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya dhahabu, utie saumu na tangawizi zilizotwangwa, kisha bizari, kisha nyama. Koroga mpaka pasiwe na kipande chenye rangi ya waridi. Tia karoti, hoho na nyanya zilizokatwa, uache zipondeke na mafuta yaanze kujitenga. Mimina yote hayo juu ya maharage, ongeza supu mpaka mchuzi uvifunike vidole viwili, tia chumvi, na uache vichemke pamoja kwa dakika arobaini. Mwishowe koroga unga wa mahindi kwa maji baridi, uumimine polepole huku ukikoroga. Mchuzi utashikana, nao utakaa juu ya ugali badala ya kukimbilia ukingo wa sahani.

Kuhusu pilipili, watu hawalingani. Mkongo mwingi wa pilipili ataona chungu chako kimepoa, naye Mnyankole aliyezoea siagi na maziwa atatoka machozi. Tumbukiza pilipili mbuzi sita zikiwa nzima, zisipasuke, zitoe harufu bila ukali. Sita zilizobaki zitwange kwa chumvi na ndimu, uziweke mezani katika kibakuli, kila mtu ajitilie kwa kadiri ya ushujaa wake. Ndimu hiyo ina faida nyingine, kwani husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Chai ya rangi iliyonyweka pamoja na chakula hufanya kinyume chake, kwa hiyo ingoje saa moja.

Kilo saba za unga zitatosha kwa ugali, na pakiwapo mafungu ya dodo au sombe pembeni, meza imekamilika. Asiyeweza kupata bata mzinga atumie kuku wawili wazee waliokwisha kutaga, ambao supu yao ni nzuri kuliko ya vijana, au dagaa wakavu waliokaangwa na kutiwa mwishoni.

Chakula kikiisha kuiva, kigawiwe kikiwa moto. Mara nyingi wageni wa matanga huugua kwa sababu sufuria iliyopikwa asubuhi imeachwa vuguvugu hadi magharibi. Hotuba zikirefuka, na hurefuka, rudisha sufuria juu ya makaa. Kitakachobaki kisilale katika sufuria ile kubwa, kwani katikati yake hubaki na joto usiku kucha na kuchacha. Kigawe katika mabakuli mapana yenye kina kifupi, kipoe upesi, kifunikwe. Asubuhi menya matoke, yachemshe mpaka yalainike, umimine mabaki hayo juu yake yatokote vizuri pamoja. Watu wa Mbarara huita chakula hicho katogo, na wageni waliolala watakuwa wa kwanza kushika sahani.