Fahamu: Ofisi ya Rais wa Kenya, kutoka Ikulu hadi kwa chifu

Mkazi wa wadi ya Kaloleni, Voi, akienda kwa chifu kutafuta barua ya kitambulisho, anahudumiwa na serikali ya Rais, si ya gavana.

Nani husimamia Ofisi ya Rais?
Felix Koskei, mkuu wa utumishi wa umma tangu 2022.

Amri hushukaje hadi Voi?
Wizara ya Usalama wa Ndani, kamishna wa kaunti, naibu kamishna, kamishna msaidizi, chifu, kisha naibu wa chifu.

Je, Rais aweza kubuni vyeo?
Ndiyo, kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Umma. Lakini Julai 2023, Mahakama Kuu ilifuta uteuzi wake wa mawaziri wasaidizi 50. Sababu moja ni kwamba umma ulikuwa umeshirikishwa kuhusu nafasi 23 tu.