Kupima Makosa ya Mawasiliano kwa Mchoro wa Kompyuta

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mchoro wa kompyuta unavyoweza kutumiwa kupima makosa yatokeayo katika mawasiliano ya kidijitali. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la lugha. Tatizo lenyewe ni la kale kuliko kompyuta: ni tatizo la msemaji na msikilizaji wenye kelele katikati yao. Mwanaisimu na mhandisi hulitazama kutoka pande mbili, na kila mmoja ana la kujifunza kwa mwenziwe.

1. Biti na kelele

Katika mawasiliano ya kidijitali kila ujumbe, uwe maandishi, sauti au picha, hugeuzwa kuwa mfululizo wa alama mbili tu, yaani 0 na 1. Kila alama moja huitwa biti. Kwa mfano, katika utaratibu uitwao ASCII herufi a huandikwa 1100001, na herufi e huandikwa 1100101. Tofauti yao ni biti moja. Biti hiyo ikigeuka njiani, neno baba laweza kumfikia msomaji likiwa beba. Hasara hapo si kubwa, kwani maneno mengine ya sentensi yatamzindua. Lakini tarakimu 1 huandikwa 0110001, na 9 huandikwa 0111001. Hapa pia biti moja yatosha kugeuza shilingi 1,000 zikawa 9,000, wala hapana neno jirani la kumwonya msomaji.

Kelele tunazozitaja hapa si za sokoni. Ni mtikisiko mdogo wa umeme unaotokana na joto lililomo ndani ya kila kipokezi, na ambao hauwezi kuondolewa kabisa. Tukigawanya idadi ya biti zilizogeuka kwa idadi ya biti zote zilizopelekwa, tunapata kiwango cha makosa.

2. Mchoro wenyewe

Miongoni mwa vyombo vinavyofaa kwa kazi hii ni GNU Radio, programu huria iliyoanza mwaka 2001. Sehemu yake iitwayo GNU Radio Companion humwezesha mtumiaji kuchora badala ya kuandika maagizo marefu. Kila kazi huwakilishwa na kisanduku, na visanduku huunganishwa kwa mistari inayoonyesha njia ya biti.

Mchoro wa kupimia makosa huhitaji visanduku vya namna tano. Cha kwanza huzalisha biti kwa kubahatisha. Cha pili huzigeuza kuwa mawimbi. Katika njia iliyo sahili kabisa, 1 huwakilishwa na wimbi moja, na 0 huwakilishwa na wimbi lilo hilo likiwa limepinduliwa. Cha tatu huongeza kelele kwa kadiri tunayoitaka. Cha nne ni kipokezi, ambacho huamua kila wimbi lilikuwa 0 au 1. Cha tano hulinganisha biti zilizopokewa na zile zilizopelekwa, kisha huhesabu zilizotofautiana. Kwa njia hii twaweza kuyaiga mawasiliano yote mezani, bila mnara wala waya.

Matokeo huonyeshwa kwa grafu. Mhimili wa chini huonyesha uwiano wa nishati ya biti na kelele, ukipimwa kwa desibeli. Mhimili wa wima huonyesha kiwango cha makosa, na kila hatua yake ni mara 10 ya ile iliyo chini yake. Nadharia yatwambia tutarajie nini: kwa desibeli 0, biti zipatazo 79 katika kila 1,000 hugeuka, kwa desibeli 4, kama 12 au 13 katika 1,000, kwa desibeli 8, kama 19 katika 100,000, na kwa desibeli 10, karibu 4 tu katika 1,000,000. Yaonekana kwamba nguvu ikiongezwa kidogo, makosa hupungua kwa kasi kubwa.

3. Hatari za grafu nzuri

Mchoro ukishakamilika, mtumiaji huona mstari ukiteremka vizuri, naye hushawishika kuuamini. Hapana budi kuonya juu ya mambo mawili.

Kwanza, kiwango cha makosa ni hesabu ya matukio ya bahati, na matukio machache hayatoi ushahidi. Tuseme tumepeleka biti 100,000 kwa desibeli 10. Mara mbili katika kila tatu hatutaona kosa lolote. Je, tuseme mawasiliano hayo hayana makosa? La hasha. Tunaloweza kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, ni kwamba kiwango hakizidi makosa 3 katika 100,000. Na hicho ni karibu mara 8 ya kiwango cha kweli. Isitoshe, sifuri haina mahali katika mhimili wa namna ile, hivyo mstari hukatika tu, na mtazamaji hujijazia mwenyewe. Kanuni ifaayo ni kuendelea kupeleka biti mpaka yahesabiwe makosa kama 100, ili shaka ishuke hadi asilimia 10 hivi. Kwa desibeli 10, biti zipatazo milioni 26 zahitajika.

Pili, biti zilizopokewa huchelewa kidogo njiani. Zikilinganishwa na zile zilizopelekwa bila kufidia uchelewaji huo, kiwango kitakuwa karibu nusu, sawa na mtu akisiaye tu. Kiwango kikikaribia 1, mambo ni tofauti: mawimbi yote yamepinduliwa, na tukizipindua biti zote tutaupata ujumbe kamili. Shahidi asemaye uongo kila mara ana manufaa kama msema kweli, mradi tumjue. Asiyefaa kitu ni yule asemaye kweli nusu na uongo nusu.

4. Funzo kwa wanalugha

Mwaka 1948 Claude Shannon alichapisha nadharia yake ya mawasiliano, akaonyesha kwamba ziada iliyomo katika ujumbe yaweza kuukinga dhidi ya kelele. Msemaji wa Kiswahili huitumia ziada hiyo kila siku. Katika sentensi “Kitabu kikubwa kile kimepotea”, kiambishi ki- chatokea mara nne. Upepo ukichukua kimoja, vitatu vilivyobaki vyatosha kukirudisha. Upatanisho wa ngeli, ambao mwanafunzi mgeni huulalamikia kuwa mzigo, hufanya pia kazi ya ulinzi.

Tarakimu hazina upatanisho. Nambari ya simu au kiasi cha fedha hakina kiambishi cha kukitolea ushahidi. Kwa hiyo wahandisi hulazimika kuzitungia biti upatanisho wao. Richard Hamming alieleza njia mojawapo mwaka 1950: kila biti 4 za ujumbe huongezewa biti 3 za ukaguzi, na moja yoyote kati ya hizo 7 ikigeuka, kipokezi hujua ni ipi na kuisahihisha. Katika mchoro wetu, ulinzi huo huongezwa kwa visanduku viwili, kimoja kabla ya mawimbi na kingine baada ya kipokezi. Lakini ulinzi una gharama yake. Nishati iliyokuwa ya biti 4 sasa hugawanywa kwa biti 7, na mpimaji mwadilifu sharti aihesabu gharama hiyo kabla ya kusifu matokeo.

Kwa kumalizia, manufaa ya mchoro wa namna hii ni kwamba huviweka wazi vitu ambavyo havionekani kwa macho, hata asiye mhandisi akaweza kuvifikiria. Hata hivyo, kompyuta huchora chochote ilichohesabu, kiwe kingi au haba. Ni juu ya msomaji wa grafu kuuliza daima: je, makosa mangapi yamehesabiwa hapa?