Malkia Bila Hati

Nilipewa funguo za nyumba mpya Old Korogwe. Kabla sijahamia, nilikutana kitabuni na mwanamke wa Zanzibar aliyeishi jumba la Sultani.

Funguo zilikuwa tatu, zimefungwa utepe mwekundu. Aliziweka mezani, kati ya sahani ya mishikaki na soda yangu, akasema, "Nyumba imekwisha. Kuanzia leo wewe ni malkia wangu, hapa hapa Old Korogwe."

Mpenzi msomaji, nisikudanganye, moyo ulinidunda. Nilikuwa na miaka 29, mshahara wa kuungaunga, na chumba cha kupanga ambacho mvua ikinyesha lazima nitege ndoo. Jamaa alikuwa mtaratibu, msafi, mkono wazi. Alikuwa pia na mke wa ndoa Tanga mjini na watoto watatu. Kwa lugha ya mtaani nilikuwa napandishwa cheo, kutoka kimada hadi nyumba ndogo kamili.

Nikauliza swali moja tu: "Hati ina jina la nani?"

Akacheka. "Mama, tangu lini malkia akauliza hati?"

Kicheko kile kilinirudisha kwenye kitabu nilichokuwa nasoma wiki ile, kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1886. Salme mwenyewe wengi mnamfahamu. Mimi niliganda kwa mama yake.

Mwanamke wa Mtoni

Aliitwa Jilfidan. Kwao ni Circassia, nchi ya milima karibu na Bahari Nyeusi. Akiwa mtoto mdogo wazazi wake waliuawa vitani, yeye akaporwa na kuuzwa. Aliishia katika nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, na alipokua akawa suria wake, yaani mjakazi anayeishi na bwana wake kimapenzi bila kufungishwa ndoa. Shika hilo neno mjakazi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Ukiyaangalia maisha ya Jumba la Mtoni kwa juu juu, utayatamani. Bahari mlangoni, bustani, hamamu, hariri, manukato, dhahabu, watumishi. Lakini mwenye nyumba alijulikana. Ni Azze binti Seif, mke wa ndoa, mwenye damu ya kifalme ya Oman. Hakuwa na mtoto hata mmoja, lakini masuria na watoto wao walipaswa kumwamkia kwa adabu zote, na Sultani mwenyewe alimsikiliza. Jilfidan alijitafutia heshima kwa njia nyingine, akitembelea wagonjwa na kuwasomea.

Ngao yake ilikuwa mtoto

Kwa sheria ya wakati ule, suria akimzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Mtoto naye ni halali na anarithi sawa na wa ndoa. Ndiyo maana Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wa Said waliopokezana kiti cha Zanzibar, wote walikuwa watoto wa masuria.

Lakini yeye suria hakuwa mrithi. Said alipofariki baharini mwezi Oktoba 1856, aliacha watoto hai 36. Salme alipata shamba na fedha. Mama yake alipata uhuru, pamoja na kile ambacho binti angemgawia. Miaka mitatu baadaye, 1859, kipindupindu kikamchukua.

Hata sheria ya 1897 iliyofuta utumwa Zanzibar iliwaacha masuria kando, wakahesabiwa watu wa ndani kama wake. Mlango wao ulifunguliwa kikamilifu mwaka 1909.

Na Uingereza je?

Usidhani ni mambo ya pwani tu. Alice Perrers alikuwa mtumishi wa Malkia Philippa, kisha akawa hawara wa mfalme Edward III. Mwaka 1373 alipewa vito vya malkia aliyekwisha kufa. Mwaka 1376 Bunge likamfukuza kwa mfalme. Akarudi, lakini mfalme alipokufa mwaka 1377 hakuwa na wa kumtetea, akahukumiwa kunyang'anywa mali. Vito vyote vile, kumbe vilisimama juu ya pumzi ya mzee mmoja!

Mimi nimeulizwa

Sisi wa huku tuna kumbukumbu yetu. Katika njaa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi walishushwa pwani na kupakiwa majahazini kama watumwa. Wengine walifikishwa Somalia, ambako vizazi vyao viliendelea kuongea Kizigua. Bibi zetu wale hawakuulizwa. Jilfidan hakuulizwa. Mimi niliulizwa, tena kwa mishikaki na soda.

Nikafuatilia na sheria za leo. Kama ndoa yake ni ya mke mmoja, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuongeza mwingine. Nikizaa naye, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto asinyimwe kufaidi mali ya baba yake. Kwa hiyo ngao ni ile ile ya Mtoni, iko kwa mtoto. Mama anabaki kuomba Mungu mzee asiugue.

Nilirudisha funguo Jumapili. Alinuna, akasema nimedharau mapenzi yake. Nililia pia, maana nilimpenda, hilo sifichi. Mwezi uliofuata nilinunua mabati mawili, nikakubaliana na mwenye nyumba akate kwenye kodi.

Dada yangu, sikuhukumu, nimekaa kiti hicho hicho. Ila kabla hujapokea funguo, jiulize mambo matatu. Hati ina jina la nani? Akilazwa leo, wewe utaingia wodini kama nani? Na siku ya msiba, utakaa upande gani wa turubai?

Kama majibu yote anayo yeye, hiyo nyumba bado si yako.