Kitenge kinapopauka, jua limefanya nini?

Karibu na Petite Barrière, upande wa Gisenyi, muuzaji wa vitenge hutundika pisi ya mbele ukutani ili mteja anayetoka Goma aione kwa mbali. Wiki chache baadaye pisi hiyo ndiyo inayomrudisha nyuma. Upande uliotazama jua umepauka, ndani ya mkunjo rangi bado kali. Mteja akiuona ule mstari, bei inashuka papo hapo.

Wengi hulaumu kiwanda. Rangi duni zipo, tena nyingi, lakini mwanga nao una kazi yake. Molekuli ya rangi ikinyonya mwanga, elektroni yake moja hupanda ngazi ya juu. Mara nyingi hurudi chini na kuacha joto tu. Mara chache molekuli huungana na oksijeni, ikavunjika, na iliyovunjika haina rangi tena. Gisenyi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, kwa hiyo miale ya urujuanimno ni mikali hata siku yenye ubaridi.

Mambo hubadilika rangi ikikaa juu ya dioksidi ya titani, ule unga mweupe wa rangi za ukuta, unaotiwa pia katika poliesta kuondoa mng'ao. Unga huo hupitisha umeme nusunusu. Elektroni iliyoamshwa na mwanga huweza kuruka kutoka kwenye rangi hadi kwenye unga kabla sehemu moja ya bilioni elfu ya sekunde haijaisha. Molekuli inabaki na pengo. Lisipozibwa, molekuli huharibika. Unga wenyewe, ukipigwa na miale hiyo, hula gundi inayoishika rangi ukutani. Ndiyo chokaa inayobaki kiganjani ukipapasa ukuta wa zamani. Watengenezaji wazuri huvika chembe zake silika au alumina. Anayevusha ndoo za rangi na apapase kwanza ukuta uliopakwa aina hiyo miaka miwili iliyopita.

Mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel, wakiwa Lausanne, Uswisi, walilitumia pengo hilo. Waliweka kimiminika chenye iodini kinachoirudishia rangi elektroni yake, wakapata umeme: zaidi ya asilimia 7 ya nguvu ya mwanga. Hata maji ya choya hutoa umeme kidogo kwa njia hiyo. Leo kampuni ya Exeger ya Uswidi hutengeneza seli hizo kwa ajili ya vipokea sauti vya masikioni. Paneli za silikoni za sokoni bado zinazishinda kwa mbali, kwa hiyo usiharakishe kubadilisha biashara.

Kwa sasa hesabu iko dukani. Kioo cha dirisha hakitoshi, maana hupitisha sehemu kubwa ya mwanga unaopausha. Tundika pisi moja tu, igeuze kila siku, na hasara yake iandike kama gharama ya tangazo. Nyingine zikae kivulini, zimekunjwa.